Nabakiza wiki sita kuanza Biolojia ya chuo yenye maabara. Nikariri nini?

#1 Chipukizi_Mpya

Wakuu salaam.

Nimepata chuo, na mhula wa kwanza nina Biolojia ya utangulizi: mihadhara, halafu maabara ya saa tatu kila wiki. Shuleni biolojia niliipita kwa kukesha usiku wa kuamkia mtihani na asubuhi kuitapika yote kwenye karatasi. Maabara halisi sijawahi kuikanyaga. Hadubini tulichorewa ubaoni, nasi tukaichora madaftarini.

Mpango wangu ni huu: nimetoa istilahi zote kwenye faharasa ya kitabu, zimefika mia sita na ushee. Nikila 15 kwa siku, wiki sita zinatosha. Msimamo wangu ni kwamba biolojia ni somo la maneno, mwenye maneno ndiye mwenye alama. Kama nakosea nisahihisheni, ila mje na hoja.

#2 Ngoma_Nzito

Nimewahi siti ya mbele.

#3 KalamuNyekundu

Nimesimamia maabara za mwaka wa kwanza kwa mihula tisa, ripoti nilizosahihisha sina idadi yake, kwa hiyo niruhusu niwe mkali kidogo.

Kuna mwanafunzi alinitajia maana ya osmosisi bila kukosea hata nukta: maji kupita kwenye utando unaochuja, kutoka upande wenye maji mengi kwenda upande wenye maji machache. Dakika kumi baadaye nikampa vipande viwili vya kiazi, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi kali. Nikamuuliza, kipi kitanywea? Akajibu cha maji matupu, kwa sababu "cha pili chumvi itaingia ikijaze". Maneno alikuwa nayo yote, kiazi kikamshinda.

Istilahi 15 kwa siku zitafuga kasuku. Hiyo orodha ichane.

#4 Chipukizi_Mpya

Nimekuelewa mkuu, lakini huyo angeulizwa hilohilo bila hata kujua neno osmosisi si angekuwa hoi zaidi? Angalau alikuwa na pa kuanzia.

#5 BintiKamusi

Namuunga mkono mleta uzi, ila nusu. Maneno ni muhimu, kosa ni kuyabeba mojamoja kama kuni. Beba mizizi yake. Mengi yametoka Kigiriki na Kilatini na yanajirudia. "Lisisi" ni kuvunja: glaikolisisi ni sukari kuvunjwa, hidrolisisi ni kitu kuvunjwa kwa maji. "Fago" ni kula, "saito" ni seli, kwa hiyo fagosaitosisi hata hujafungua kitabu unajua kuna seli inakula.

Mitosisi imetokana na neno la uzi, kwa jinsi kromosomu zinavyoonekana kama nyuzi. Meiosisi imetokana na kupunguza, na kweli idadi ya kromosomu inapungua nusu. Tangu niambiwe hivyo sijazichanganya tena, na kabla ya hapo nilikuwa nazichanganya kila mtihani.

#6 Mbishi_Daima

Mizizi nayo inadanganya, dada. Oksijeni maana yake "mzaa asidi", jina alilotoa Lavoisier karne ya 18 akiamini kila asidi ina oksijeni ndani. Asidi ya haidrokloriki haina hata chembe yake.

#7 BintiKamusi

Moja hiyo. Lete ya pili.

#8 Mbishi_Daima

Bakteria: maana yake ni kijifimbo. Wale wa mviringo tuwaiteje?

#9 Ngoma_Nzito

Hahaha, uzi umeshika moto mapema kuliko nilivyotarajia.

#10 Asidi_na_Besi

Mnagombania majani, shina mmelipa kisogo. Kinachowaangusha watu kwenye biolojia ya chuo ni kemia. Nasema kwa uchungu kwa sababu somo hili nimelirudia.

Mara ya kwanza nilikuja na istilahi kama zako, Chipukizi. Wiki ya pili mhadhiri akaanza: molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, ndiyo maana molekuli za maji zinashikana, ndiyo maana mafuta yanajitenga, ndiyo maana utando wa seli unajipanga tabaka mbili. Nilikuwa nimekariri "utando una tabaka mbili za fosfolipidi", sikujua kwa nini zisiwe tatu. Na kila kilichofuata kilisimama juu ya pale. Protini zinavyojikunja ni hilohilo. DNA kushikana nyuzi mbili ni hilohilo: A na T kwa vifungo viwili vya haidrojeni, G na C kwa vitatu.

Halafu pH. Watu wanadhani kutoka 6 kwenda 4 ni kushuka ngazi mbili, basi asidi imezidi mara mbili. Imezidi mara 100, maana kila ngazi ni mara 10. Swali hilo lilikuwa kwenye mtihani wangu wa kwanza na nililikosa nikiwa natabasamu.

Mara ya pili nilitumia likizo nzima kwenye kemia peke yake: atomu, vifungo, maji, pH, na zile molekuli kubwa nne, yaani wanga, lipidi, protini na asidi nukleiki. Istilahi zikaja zenyewe.

#11 Hesabu_Haidanganyi

Asidi yuko karibu na ukweli, ila hajafika. Mihadhara ni kemia, maabara ni hesabu. Tena si hesabu ya kutisha, ni ileile ya darasani ambayo mtu alikimbilia biolojia ili aiepuke.

Milimita 1 ni mikromita 1,000. Mtu anapima seli anaandika ina upana wa milimita 60, sawa na kidole! Kisha kuzimua: una myeyusho wa asilimia 10, unataka mililita 50 za asilimia 2. Ukali wa mwanzo mara ujazo wa mwanzo ni sawa na ukali wa mwisho mara ujazo wa mwisho. Mililita 10 za myeyusho, jazia maji hadi 50. Nimeshaona kundi zima wanatazamana robo saa kwa hilo.

Na mkifika kwenye urithi mtakutana na kipimo cha kai-skweya, kinachoonyesha kama tofauti kati ya ulichohesabu na ulichotarajia ni ya bahati tu. Msikikimbie. Chukua mbegu za njegere za Mendel mwenyewe, yule mtawa aliyeanzisha elimu ya urithi: za mviringo 5,474, zenye makunyanzi 1,850, jumla 7,324. Kama uwiano ni 3 kwa 1, ulitarajia 5,493 na 1,831. Tofauti ni 19 kila upande. 19 mara 19 ni 361. Gawa kwa 5,493, kisha gawa kwa 1,831, jumlisha: unapata kama 0.26. Kikomo cha makundi mawili kwenye kiwango cha asilimia 5 ni 3.84. Uko chini mno, kwa hiyo tofauti hiyo ni bahati nasibu ya kawaida, uwiano unakubalika. Dakika tatu na kikokotoo, umemaliza kitu kinachowaliza watu mhula mzima.

#12 Mbishi_Daima

Kuna wanaosema takwimu za Mendel zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliliandika hilo mwaka 1936.

#13 Hesabu_Haidanganyi

Nilijua utakuja. Fungua uzi wako.

#14 Shangazi_Seli

Wanangu, nimerudi chuo nikiwa na miaka 41, baada ya miaka 18 ya kulea na kufanya kazi. Kemia nilisoma, hesabu sikuzisahau. Kilichoniaibisha ni mikono.

Wiki ya tatu tulipewa mikropipeti, kifaa cha kuvuta na kupima vimiminika kidogo sana, ile ya kubonyeza kwa dole gumba. Hakuna aliyeniambia kwamba kitufe kina vituo viwili. Nikabonyeza hadi mwisho, nikachovya, nikaachia, ikavuta kupita kipimo. Kila tyubu yangu ilikuwa na ziada na jaribio zima likaharibika. Watoto wa miaka 19 niliokuwa nao kundi moja walinistahi, hawakucheka mbele yangu. Koridoni sijui.

Kwa hiyo mimi nasema zoeza mikono. Maneno yatakungoja.

#15 KalamuNyekundu

Shangazi shikamoo, na pole. Hilo ni kosa namba moja, wala si la umri. Kwa faida ya wengine: bonyeza hadi kituo cha kwanza ukiwa nje ya kimiminika, chovya ncha kidogo tu, achia taratibu. Wakati wa kutoa, kituo cha kwanza, kisha cha pili kusukuma tone lililobaki. Usiizungushe nje ya kipimo chake. Ya mikrolita 200 usiilazimishe 250. Na kujipima ni rahisi: mikrolita 100 za maji zinatakiwa kuwa na uzito wa gramu 0.1 kwenye mizani. Nilikuwa nawapa wanafunzi wangu dakika ishirini za kupima maji tu kabla ya kitu kingine chochote. Walilalamika wote.

#16 Shangazi_Seli

Marahaba mwanangu. Ungekuwa mwalimu wangu nisingeaibika.

#17 Mvivu_Mstaafu

Mnaongelea mikono, mimi nililetewa taabu na macho.

Maabara ya pili tuliangalia ngozi laini ya kitunguu. Mimi kitabuni nilikuwa nimeona seli ya mmea, nzuri, ya rangi, ina kloroplasti za kijani. Nikaangalia kwenye hadubini, nikaona kama vyumba vya matofali vyenye kidoa kimoja kimoja. Nikachora seli ya kitabuni. Kloroplasti nane, nimezipaka na kijani. Msimamizi akaja, akaangalia mchoro, akaangalia hadubini, akaniuliza kwa upole kitunguu kilichokaa ardhini kinafanya usanisinuru na jua lipi.

Sifuri ya mchoro. Tangu siku hiyo nachora ninachokiona, hata kikiwa kibaya.

#18 BintiKamusi

Hahahaa, kijani kabisa!

#19 Chipukizi_Mpya

Kumbe seli ya mmea inaweza kukosa kloroplasti? Mbona kitabu kinasema ndiyo tofauti yake na ya mnyama: mmea una kloroplasti, mnyama ana mitokondria.

#20 KalamuNyekundu

Hapo kuna makosa mawili kwenye sentensi moja. Seli za mizizi na za kitunguu hazina kloroplasti. Na mmea una mitokondria vilevile, unapumua kama wewe, mchana na usiku. Hicho kitabu ni cha mwaka gani?

#21 Chipukizi_Mpya

Cha kaka yangu mkubwa, naye alirithi kwa mtu. Jalada halipo.

#22 Mbishi_Daima

Angalia kinasema glukosi moja inatoa ATP (molekuli inayobeba nishati kwenye seli) ngapi. Kikisema 36 au 38 ni cha zamani, siku hizi hesabu ni kama 30 hadi 32. Na kikisema binadamu ana kromosomu 48, kipeleke makumbusho, maana 46 ilijulikana 1956.

#23 Chipukizi_Mpya

ATP kinasema 38. Kromosomu 46, nimepona.

#24 Asidi_na_Besi

Kwa kemia ya msingi kinafaa, maji hayajabadilika. Ila mwulize mhadhiri anatumia namba ipi ya ATP kabla ya mtihani. Usiende kubishana naye kwa kitabu kisicho na jalada.

#25 Nuru_ya_Taa

Nimesoma yote. Mnataja vitu vya kusoma, hakuna aliyegusa namna ya kusoma, na kwangu huo ndio ugonjwa wenyewe. Chipukizi anasoma kwa kurudia kusoma. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha watu waliosoma kifungu na kukirudia, na waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojijaribu wakawapita. Ndiyo maana ukikesha asubuhi unajiona shujaa na Ijumaa huna kitu.

Funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora njia nzima ya usanisinuru kwa kichwa. Palipokatika ndipo pa kusoma.

#26 Mbishi_Daima

Vifungu vyenyewe vilikuwa kimoja kuhusu jua, kingine kuhusu fisimaji wa baharini. Sijaona mikropipeti pale.

#27 Nuru_ya_Taa

Ndiyo, ilikuwa ni kusoma maandishi, na mihadhara yote ni maandishi. Mikono nimemwachia Shangazi.

#28 Mvivu_Mstaafu

Swali la kichokozi: ukichora usanisinuru kwa kichwa, ile oksijeni inayotoka, imetoka kwenye kabonidayoksaidi au kwenye maji?

#29 Chipukizi_Mpya

Kabonidayoksaidi. Si ndiyo inayoingia?

#30 Mvivu_Mstaafu

Maji. Wanakemia Ruben na Kamen walilipima 1941 kwa oksijeni nzito. Nami nilikosa, karibu chamani.

#31 Ngoma_Nzito

Swali la mtu wa siti ya mbele: kwenye hadubini ya darasani mtu anaweza kuona ribosomu, vile viwanda vya protini ndani ya seli? Rafiki yangu anaapa aliziona.

#32 KalamuNyekundu

Aliona vumbi. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2 hivi, na ribosomu ni nanomita 20 hadi 30, ndogo kama mara kumi ya hapo. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 hadi 8, hiyo utaiona vizuri. Na duara jeusi lenye ukingo mnene ambalo kila mwanafunzi hulichora wiki ya kwanza kwa fahari ni povu la hewa. Teremsha kifuniko cha slaidi kikiwa kimeinama, hewa itoke upande mmoja.

Halafu, nawaomba: ukifika lenzi ya 40, usiguse skrubu kubwa. Ndogo tu. Slaidi zilizopasuka mikononi mwa wanafunzi wangu zinajaza ndoo.

#33 Chipukizi_Mpya

Ripoti ya maabara je? Hakuna aliyeigusa.

#34 KalamuNyekundu

Nilikuwa naiogopa hiyo, maana nikianza sinyamazi.

Neno ninalolikata kwa wino mwekundu kuliko yote ni "ilithibitisha". Jaribio moja la dakika tisini, tyubu sita, mtu anaandika "jaribio letu lilithibitisha kwamba vimeng'enya hufa kwenye joto". Kwanza kimeng'enya hakikuwa hai, hakiwezi kufa, kimeharibika umbo. Pili hujathibitisha, matokeo yako yameunga mkono nadharia tete yako (ulichokisia kabla ya jaribio), au yameipinga. Na yakipinga, andika yamepinga! Hakuna anayekunyima alama kwa matokeo yasiyopendeza. Alama nanyima ninapoona namba zimenyooka kama zimepigwa rula na bado madoa ya jaribio lililomwagika yapo mezani.

Kitu unachokibadilisha mwenyewe, mfano joto, kinakaa mstari wa chini wa grafu, unachokipima kinapanda. Matokeo eleza ulichokiona, maana yake isubiri sehemu ya mjadala. Na kila jaribio liwe na la kulinganishia. Mtu anapima sukari kwa kitendanishi cha Benedict, anapata rangi ya chungwa, anafurahi. Tyubu ya maji matupu iko wapi? Pengine tyubu zako zote zilikuwa chafu.

#35 Asidi_na_Besi

Ongeza: sukari ya mezani kwenye Benedict haibadilishi rangi hata ukichemsha. Kundi letu tuliandika "sampuli haina sukari" wakati tuliweka vijiko viwili kwa mikono yetu. Hadi uivunje kwanza kwa asidi na kuirudisha isiwe na asidi, ndipo inajibu.

#36 BintiKamusi

Kuivunja kwa maji yenye asidi. Hidrolisisi. Nasema tu.

#37 Asidi_na_Besi

Haya dada, pointi yako.

#38 Chipukizi_Mpya

Ahsanteni wakuu. Jambo moja dogo: mimi ni dada, tangu juzi mnaniita mkuu.

#39 Ngoma_Nzito

Mkuu haina jinsia, mkuu.

#40 Chipukizi_Mpya

Sawa. Orodha sijaichana, Kalamu, ila nimeipunguza hadi mizizi hamsini ya BintiKamusi, na asubuhi nasoma kemia. Leo nimejaribu kiazi nyumbani. Kipande kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi, nikaviacha usiku kucha. Cha chumvi kimelegea na kimepungua, sawa. Lakini cha maji matupu nacho kimepungua gramu 1. Si kilitakiwa kuongezeka?

#41 Shangazi_Seli

Ulivikausha kwa kitambaa kabla ya kupima, mwanangu? Kama mara ya kwanza ulipima kikiwa kinachuruzika maji na mara ya pili umekikausha, hapo ndipo gramu ilipokwenda.

#42 Asidi_na_Besi

Au maji yalikuwa ya moto. Joto linaharibu utando, seli zinavuja, osmosisi haipo tena.

#43 Hesabu_Haidanganyi

Au mizani inasoma gramu nzima tu, na hiyo 1 ni mizani kukadiria. Kipande kilikuwa na gramu ngapi mwanzo? Mabadiliko andika kwa asilimia, vipande havilingani.

#44 Chipukizi_Mpya

Gramu 14. Mizani inasoma gramu nzima, ndiyo. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Kukausha sikumbuki.

#45 Mbishi_Daima

Basi wote watatu wanaweza kuwa sahihi, au hakuna hata mmoja.

#46 KalamuNyekundu

Ngoja kwanza. Kwenye maji matupu uliweka vipande vingapi?

#47 Chipukizi_Mpya

Kimoja. Kwani vinatakiwa vingapi?

#48 Hesabu_Haidanganyi

Nimeshika kichwa.

#49 Chipukizi_Mpya

Haya, narudi jikoni. Nakata kumi.